Kaseti kumi na nne

Juu ya kabati la nyumba yangu lilikaa kwa zaidi ya miaka ishirini sanduku la karatasi ambalo halikuwa langu. Ndani yake mlikuwa na kaseti kumi na nne. Wengi wenu hamjapata kushika kaseti: ni kijisanduku cha plastiki chenye ukanda mwembamba wa rangi ya kahawia, na ukanda ukitoka nje mtu aliurudisha kwa kuzungusha kalamu ya biki. Kila nilipotafuta kitu juu ya kabati lile, mkono wangu uligusa sanduku, nami nikaliondolea vumbi na kulirudisha mahali pake.

Nilimnyang'anya kijana mmoja wa parokia yetu hapa Bukavu, mwaka 2002, nilipokuwa ninawaandaa vijana kwa sakramenti ya Kipaimara. Natumia neno lenyewe. Kwa miaka mingi nilisema kwamba "nilimwekea".

Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Hakuwa na diploma yoyote ya ufundi, lakini redio iliyokufa akiifungua juu ya magoti yake, mara nyingi ilifufuka. Alikuwa ametengeneza bafle kwa mbao za sanduku na spika ya gari bovu, akaiunga na batri ya gari, na kila Dominika baada ya misa ya pili aliiweka chini ya mti wa avoka nyuma ya uwanja wa kanisa, akapiga rege. Vijana wakamzunguka. Wengine walikuja na kaseti tupu wakamwomba awanakilie nyimbo, naye aliazima redio ya kaseti mbili kwa jirani, akanakili usiku umeme ulipokuwapo. Hakuomba malipo, aliomba tu kwamba aliyepewa asikatae kumpa mwingine.

Siku zile zilikuwa za vita. Jioni ilipoingia milango ilifungwa, na watu walizoea kupimana kwa macho kabla ya kusalimiana. Chini ya mti ule, kwa saa mbili za mchana, sikumsikia hata mmoja akimwuliza mwenzake anatoka kabila gani. Haya ninayaona leo. Wakati ule niliona nywele zilizosokotwa, nikadhani nimenusa bangi, nikasikia maneno ya Kiingereza kuhusu mfalme wa Ethiopia ambayo sikuyaelewa vizuri, nami nikaogopa. Nilikuwa mwalimu kijana mwenye vyeti vipya na funguo za ukumbi. Nikamwita mbele ya wenzake, nikamwambia achague: Kipaimara au sanduku lile.

Alinipa sanduku. Akasema, "Mwalimu, usiziweke juani, zitaharibika." Dominika iliyofuata hakuja kwenye mafundisho, na askofu alipofika kuwapaka mafuta wenzake, jina lake halikusomwa.

Kabla ya kuliweka sanduku juu ya kabati nilisoma maandishi ya kaseti hizo. Bob Marley nilimjua. Ni nani katika nchi hii asiyemjua? Nilimwona Burning Spear, kundi la Culture, Alpha Blondy wa Kodivaa na Lucky Dube wa Afrika Kusini. Kaseti moja ilikuwa na herufi tatu peke yake: SKA. Nilidhani ni kifupi cha chama fulani cha siri. Msicheke. Mtu mwenye hofu husoma siri hata kwenye orodha ya vitu vya sokoni.

Maana ya herufi hizo niliipata miaka mingi baadaye, tena mahali ambapo sikuitazamia. Nilikuwa ninatayarisha somo kuhusu watawa waliofungua shule kwa ajili ya watoto maskini, nikakutana na shule ya Alpha, iliyoko Kingston, mji mkuu wa Jamaika. Kazi hiyo ilianza mwaka 1880 kama makao ya yatima, na aliyeianzisha ni mwanamke mlei kama sisi, Jessie Ripoll. Miaka kumi baadaye Masista wa Huruma walifika kutoka Uingereza kuichukua mikononi pamoja naye. Katika upande wa wavulana walipokelewa yatima, watoto walioshindikana nyumbani, na wengine walioletwa kwa amri ya mahakama. Walifundishwa kushona nguo, kutengeneza viatu, kupiga chapa, kulima. Na walifundishwa kupiga ala za kupuliza, kwa sababu kijana aliyejua tarumbeta au tromboni aliweza kupata kazi katika bendi ya jeshi. Lengo lilikuwa mkate tu. Hakuna aliyekusudia kubadilisha muziki wa dunia.

Mwaka 1939 aliingia huko sista kijana, Mary Ignatius Davies, mzaliwa wa Jamaika, akabaki mpaka alipofariki mwaka 2003. Mwanamke huyu mwembamba aliwafundisha wavulana mpira na kriketi, hata ngumi. Lakini zaidi alipenda muziki. Alikuwa na hazina yake ya santuri, jazi na nyinginezo za namna nyingi, na aliwapigia wavulana wazisikilize. Alinunua hata mitambo kamili ya kupigia santuri, yenye bafle zake, ya namna iliyotumika katika dansi za mitaani, akawa yeye mwenyewe anayechagua santuri. Nilipolisoma jambo hilo niliondoka mezani, nikaenda kusimama mlangoni. Kutoka mlango wangu, mti wa avoka unaonekana.

Sasa nieleze ska ni nini. Ni muziki wa haraka, uliozaliwa Jamaika karibu na mwaka 1960. Sikiliza gitaa na kinanda: havigongi pale mguu unapokanyaga, vinakata pale mguu ulipoinuliwa, kati ya pigo na pigo, ndiyo maana mwili wa msikilizaji hautulii. Jamaika ilipata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, na sauti ya siku zile ilikuwa ska. Baadaye mwendo ulipunguzwa, ukawa rokstedi, na kufikia mwaka 1968 rokstedi ikazaa rege. Marley mwenyewe alianza kwa kuimba ska.

Mwaka 1964 wapigaji hodari wa Kingston waliunda kundi la The Skatalites. Wanne kati ya waanzilishi wake walikuwa wavulana wa Alpha: Tommy McCook na Lester Sterling wa saksafoni, Johnny Moore wa tarumbeta, na Don Drummond wa tromboni. Kuhusu Moore inasimuliwa kwamba hakuwa yatima wala mkorofi. Alitoka katika familia yenye utaratibu, akafanya utundu kwa makusudi ili apelekwe Alpha, kwa sababu nyumbani hawakutaka awe mwanamuziki. Kundi hilo halikufikisha hata miaka miwili, lakini nyimbo walizorekodi, zao na za waimbaji waliowasindikiza, bado zinapigwa.

Kuhusu Drummond sitawaficha neno. Wanaojua tromboni wanamhesabu kati ya wakubwa wa karne iliyopita. Alikuwa pia mgonjwa wa akili. Mwanzoni mwa mwaka 1965 alimwua mwanamke aliyeishi naye, mcheza dansi Margarita Mahfood. Akafungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akafia humo mwaka 1969. Vijana wanaobandika picha za wanamuziki ukutani wajue na hili, na jina la mwanamke huyo walijue pia. Mimi mwenyewe ninapoisikia tromboni yake siwezi tena kutenganisha uzuri na kilio.

Lakini je, mtu maskini wa Kingston aliusikia wapi muziki huu? Redio za kisiwa zilipendelea muziki wa nje. Bendi kamili iligharimu fedha nyingi. Ndipo likaingia jambo ambalo Wajamaika wanaliita saundi sistemu, nami ninapowaeleza watu wa Bukavu nasema kwamba ni mti wa avoka uliokua mpaka ukafunika mtaa mzima. Mwenye mitambo alileta kifaa cha kuzungushia santuri, ampli yenye nguvu, na bafle ndefu kama kabati la nguo. Akazipanga katika uwanja uliozungushiwa ua, akatoza kiingilio kidogo, akauza vinywaji. Mmoja alichagua santuri. Mwingine alishika kipaza sauti, akasalimu waliofika, akatania, akatia maneno yake juu ya muziki. Besi ilisikika kifuani kabla ya kufika masikioni.

Fundi wa ampli za kwanza za namna hiyo alikuwa Hedley Jones. Wakati wa vita vya pili vya dunia alijifunza mitambo ya rada katika jeshi la anga la Uingereza, akarudi nyumbani, akatumia elimu ile kutengeneza ampli. Mmoja wa wateja wake, Tom Wong, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Saundi yake iliitwa Tom the Great Sebastian. Baadaye walikuja Duke Reid, polisi wa zamani aliyekuwa na duka la pombe, na Clement Dodd aliyeitwa Coxsone. Katika miaka ya 1950 hawa wawili walishindana kama timu mbili za mtaa mmoja.

Silaha yao ilikuwa santuri ambayo mwingine hana. Waliagiza au walisafiri hadi Marekani kutafuta nyimbo za Weusi wa huko; na waliporudi, walikwangua jina lililoandikwa katikati ya santuri ili mshindani aliyetuma mpelelezi asijue ni wimbo gani. Dodd alikuwa na wimbo mmoja wa saksafoni wa Mmarekani Willis Jackson. Alifuta jina lake, akaubatiza "Coxsone Hop", ukawa kama bendera yake, na kwa miaka kadhaa hakuna mwingine aliyejua unapatikana wapi. Duke Reid alitafuta mpaka akaupata. Siku alipoupiga, Dodd alikuwapo. Prince Buster, aliyekuwa msaidizi wa Dodd kabla ya kuanzisha saundi yake, alisimulia kwamba bwana wake alilegea, nusura aanguke, na ikabidi wamshike.

Niliposoma kisa hicho kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Halafu nikafikiri: Dodd alificha jina, lakini wimbo aliupiga, watu wakacheza. Mimi nilikuwa na majina yote, yameandikwa vizuri kwa biki, na muziki ulikuwa kimya chini ya vumbi.

Kisa cha pili kinanipendeza zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Spanish Town, mwenye saundi aliyeitwa Ruddy Redwood alikwenda studio ya Duke Reid kukatiwa santuri ya majaribio ya wimbo wa The Paragons. Fundi alisahau kuweka sauti za waimbaji. Zikatoka ala tupu. Redwood hakuitupa. Alipiga kwanza wimbo wenye maneno, halafu akapiga ule usio na maneno, na umati mzima ukaimba wenyewe. Tangu hapo santuri nyingi za Jamaika zilitolewa na upande wa pili usio na maneno. Fundi wa redio aliyeitwa King Tubby, mtu wa mtaa wa Waterhouse, alichukua pande hizo akazifanyia kazi: alipunguza hiki, akarudisha kile, akaacha mwangwi, mpaka ikazaliwa namna ya muziki inayoitwa dabu. U-Roy alisema maneno yake juu ya nafasi hizo, katika saundi ya Tubby. Na wanaofuatilia asili ya rapu ninyi mnayoipenda wanafika pia Jamaika, kwa sababu DJ Kool Herc, aliyepigia watu santuri mtaani Bronx, New York, kuanzia mwaka 1973, alizaliwa Kingston.

Tubby hakuwa mwanamuziki wa kusomea. Alikuwa fundi wa kurekebisha redio. Kijana wetu naye alikuwa fundi wa kurekebisha redio. Silinganishi vipaji vyao. Sijui kipaji cha kijana huyo kingefika wapi, na kutojua huko ni sehemu ya deni langu.

Kuna wanaoniambia: "Papa Mwalimu, hayo ni mambo ya Wajamaika, yanatuhusu nini sisi Wakongo?" Yanatuhusu kwa damu. Utumwa ulipokwisha katika visiwa vile mwaka 1838, mashamba yalikosa watu. Katika miaka ya 1840 hadi 1860 Waingereza walipeleka Jamaika maelfu ya Waafrika waliookolewa kutoka meli za magendo, ili wafanye kazi kwa mkataba, na wengi wao walikuwa Bakongo, watu wa kwetu upande wa magharibi. Walikaa hasa mashariki mwa kisiwa, wilaya ya St. Thomas. Ibada yao ya ngoma inaitwa kumina, na ndani yake maneno ya Kikongo yamehifadhiwa mpaka leo. Mwenyezi wanamwita Nzambi. Ndugu zetu wa Kinshasa wanasali kwa jina lile lile, kwa tofauti ya irabu moja.

Ngoma hizo, pamoja na nyingine zinazoitwa buru, zilichangia upigaji wa Warastafari. Mpigaji wao mkubwa, Count Ossie, alikuwa na kambi katika milima ya Wareika juu ya Kingston, na huko walipanda akina Drummond, McCook na tromboni mwingine wa Alpha, Rico Rodriguez, kupiga pamoja naye. Fikirini picha hiyo: vijana waliofundishwa noti na masista, wameketi usiku kando ya moto, wanajibizana na ngoma zenye asili ya Kongo. Imani ya Warastafari kuhusu Haile Selassie si imani yetu, wala siwaambii muifuate. Lakini niliposikia rege ya kijana wetu nikasema ni kitu kigeni, kitu cha shetani kilichotoka ng'ambo, nilikuwa ninafukuza mlangoni mtu aliyekuja na sehemu ya mali yetu.

Huyo Rico ndiye anayenifikisha Uingereza. Pale Alpha, aliyemfundisha tromboni alikuwa Drummond, mwenzake mkubwa kidogo. Mwaka 1961 Rico alihamia London. Wajamaika wengi walikuwa wamekwenda huko kutafuta kazi, wakakuta klabu nyingi hazimruhusu Mweusi kuingia. Hivyo walicheza katika vyumba vya chini vya nyumba zao. Duke Vin, aliyefika mwaka 1954 kwa kujificha ndani ya meli, alianzisha saundi yake mwaka uliofuata, nayo inahesabiwa kuwa ya kwanza katika nchi ile. Majirani walilalamika, polisi waliingia. Lakini vijana Wazungu wa mitaa ya wafanyakazi walisikia besi kupitia ukuta, wakataka kujua ni nini, wakaanza kutafuta santuri.

Sitasema kwamba muziki uliponya chuki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wapo vijana Wazungu walionyoa vichwa ambao walipenda ska na rege kuliko kitu chochote, na baadaye wengine waliobeba sura ile ile wakawapiga wahamiaji. Mtu anaweza kucheza wimbo wako na kukuchukia. Hata hivyo mwaka 1979, katika mji wa viwanda wa Coventry, Jerry Dammers na wenzake wa kundi la The Specials, Weusi na Wazungu katika jukwaa moja, walianzisha chapa ya santuri iliyoitwa 2 Tone, alama yake ikiwa miraba myeusi na myeupe. Walipiga ska upya. Na walipotaka tromboni, walimwita Rico. Katika wimbo mmoja waliourudia alipiga yeye, kama alivyopiga katika toleo la zamani la mwaka 1967. Baadhi ya vijana wa Coventry waliorukaruka kwa sauti ile huenda hawakujua kwamba ilitoka kwa watawa wa South Camp Road. Mpaka leo wapenzi wa muziki huu, kutoka Japani hadi Meksiko, wanabadilishana santuri, wananakiliana, wanatengeneza bafle kwa mikono yao. Mwaka 2018 UNESCO iliandika rege ya Jamaika katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Nirudi kabatini kwangu. Mwaka jana vijana wa kikundi cha parokia waliniomba nizungumze nao kuhusu muziki. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Asubuhi ile nilibadili nia, nikateremsha sanduku, nikaenda nalo chini ya mti wa avoka, nikawasimulia niliyowasimulia ninyi, kuanzia neno "nilimnyang'anya". Msichana mmoja aliuliza, "Papa, ulimwomba msamaha?" Nikajibu kwamba sijui aliko. Akasema, "Ulimtafuta?"

Tuliazima redio ya kaseti kwa mzee mmoja wa mtaa wa Kadutu. Nilichagua ile yenye herufi tatu. Mwanzo ilikuwa mikwaruzo, halafu ikaingia tromboni, polepole, kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Vijana walinyamaza. Wimbo wa pili ukapita. Kabla ya wa tatu ukanda ulikatika muziki, ikatoka sauti ya mvulana, karibu sana na kipaza sauti, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. Alijirekodi siku moja pale pale chini ya mti. Alifanya kama wanavyofanya Kingston bila kufundishwa na mtu: aliwasalimu waliofika, kwa majina, mmoja mmoja, akimtania huyu kwa viatu vyake na yule kwa usingizi wake. Alimsalimu mama yake aliyekuwa akiuza mboga. Halafu akasema: "Salamu kwa Mwalimu, anapita sasa hivi na Biblia yake kwapani. Mwiteni asimame kidogo, huu unaofuata ataupenda."

Sikusimama siku hiyo. Nakumbuka kupita; sikumbuki wimbo.

Vijana ndio waliomtafuta, kwa simu zao, kwa siku nne. Yuko Uvira. Ana mke na watoto watano, na anakodisha bafle kwa arusi na kwa matanga. Nilimwandikia ujumbe mrefu, nikaufuta, nikaandika mfupi: kwamba nilikosa, kwamba kaseti zake zote kumi na nne zipo, hazikupata jua, kwamba vijana wanaomba ruhusa ya kuzinakili kabla sijampelekea mwenyewe kwa gari la Uvira.

Jibu lilifika jioni. "Ndiyo, Mwalimu, wanakili wote. Ile ya Burning Spear msiirudishe nyuma kwa mashine, ukanda wake umechoka. Tumieni biki."